Barua ya wazi kwa Waziri wa Biashara: hela inarudi kabla boksi halijafunguliwa

Mheshimiwa Waziri,

Shikamoo, na kama umri wetu unalingana basi chukua salamu tu, maana mimi nakuona kwenye picha za mikutano na wewe hunijui kabisa. Mimi ni muuzaji mdogo mtandaoni. Mdogo kweli kweli, sio ule udogo wa kampuni yenye wafanyakazi 50. Stoo yangu ni nusu ya chumba cha kulala, idara ya kufunga mizigo ni meza moja na selotepu, na huduma kwa wateja ni mimi mwenyewe saa tano usiku na simu mkononi. Nauza vifaa vidogo vya umeme, mashine za kunyolea, pasi, taa za mezani, spika ndogo ndogo. Nauzia kwenye soko la mtandaoni ambalo sitalitaja, kwanza riziki yangu bado iko humo humo, pili nikilitaja itaonekana ni ugomvi wangu na wao wakati muuzaji wa soko lingine lolote akisoma hapa atasema huyu mbona kaandika mambo yangu.

Naandika kuhusu mizigo ambayo wateja wanaturudishia. Nianze na mashine.

Juzi kati ilirudi mashine ya kunyolea. Muda wa kurudisha ni siku 14, mteja kakaa nayo siku 13 ndo akabonyeza kurudisha, sababu aliyochagua ni "bidhaa haifanani na maelezo". Nikafungua boksi. Ile stika ninayobandikaga mwenyewe pale kwenye mdomo wa boksi ilikuwa imebanduliwa taratibu kwa kucha, ikarudishiwa palepale ila imekaa upande. Ndani chaja hamna. Kichupa cha mafuta kimefunguliwa na kimebaki nusu. Na kwenye meno ya mashine, Mheshimiwa, nywele. Fupi fupi, nyingi nyeusi na chache nyeupe, kwa hiyo naona walipita vijana na wazee pia. Mtu kanyoa ukoo mzima halafu kaniambia haifanani na maelezo, sasa mimi nilieleza kwamba ni mashine ya kunyolea, na yeye kanyolea, kutofanana kuko wapi?

Lakini hasira yangu sio kwa huyo mteja, wajanja wapo tangu biashara ianze. Hasira yangu ni kwamba hela yake alisharudishiwa siku nne kabla sijaliona hilo boksi. Mtu wa delivari kapokea mzigo mlangoni kwa mteja, kaskani bakodi, simu ya mteja ikalia hela imeingia na yangu ikalia hela imetoka. Hakuna binadamu yeyote aliyefungua kuangalia kuna nini ndani. Wangeweza kunirudishia tofali nalo lingeskaniwa vizuri tu.

Nikakata rufaa. Picha sita, video moja nikifungua boksi kuanzia selotepu mpaka nywele. Jibu lilikuja ndani ya dakika mbili, "tumepitia ushahidi wako kwa makini na uamuzi unabaki palepale". Dakika mbili, na video yenyewe ina dakika tatu na nusu. Nikakata tena, likaja jibu lile lile neno kwa neno, ila chini jina la mhudumu limebadilika.

Sasa Mheshimiwa naomba nikupigie hesabu kidogo, maana nyie mkisikia "mteja karudisha bidhaa" mnafikiri muuzaji kapata bidhaa yake basi ngoma droo. Sio hivyo. Usafiri wa kupeleka ulishalipwa na haurudi. Usafiri wa kurudisha nakatwa mimi. Boksi na vifungashio vimekwisha kazi. Komisheni ya soko hairudi yote, na hili sio siri wala sio la kwetu tu, hata Amazon, lile soko kubwa la mtandaoni la Marekani, kwenye masharti yao wameandika wazi kwamba mteja akirudishiwa hela wao wanabakiza sehemu ya komisheni kama gharama ya kushughulikia hiyo rifandi. Halafu bidhaa yenyewe siwezi kuiuza tena kama mpya. Tuseme kwenye kila 100 ya mauzo, faida yangu ni 15, na hiyo ni wiki nzuri. Nikipoteza bidhaa moja ya 100 nimepoteza 85 ya mtaji, yaani natakiwa niuze nyingine karibu sita ndo nirudi pale nilipokuwa, bado sijagusa usafiri. Mkubwa anayeuza bidhaa elfu kumi kwa mwezi hizo hasara anaziweka ndani ya bei anasahau. Mimi mwezi nauza 40, zikirudi tatu za hivyo basi karibu nusu ya mwezi huo nimefanya kazi ya kujitolea.

Na kuna hili la sababu za kurudisha ambalo nadhani waliokaa ofisini hawajawahi kuliangalia kwa jicho la mteja. Ukibonyeza kurudisha inakuja orodha. Ukichagua "nimebadilisha mawazo", usafiri wa kurudisha unalipa wewe mteja. Ukichagua "haifanani na maelezo" au "ina kasoro", analipa muuzaji. Sasa wewe Mheshimiwa, uko nyumbani kwako umekaa, hakuna anayekuona, utachagua ipi? Hata mcha Mungu kidole kitateleza. Nimepata pasi iliyorudishwa kwa "ina kasoro" na ndani kuna kikaratasi mteja kaniandikia kwa mkono wake, asante pasi nzuri ila shemeji kaninunulia nyingine. Kikaratasi hicho ninacho. Mfumo hausomi vikaratasi, mfumo unasoma ile orodha, na kwenye orodha mimi ni muuzaji wa pasi mbovu. Zikifika kadhaa za hivyo bidhaa yangu inashushwa kwenye matokeo ya kutafuta, mpaka ukurasa ambao hafiki mtu labda aliyepotea. Kwa hiyo uongo mdogo wa mteja wa kukwepa nauli unanila mara mbili, hela na jina.

Jina lenyewe sina pa kulitetea. Mwaka 2008 eBay, soko lingine la mtandaoni la Marekani, waliondoa uwezo wa muuzaji kumpa mnunuzi alama mbaya, na sababu zao zilikuwepo, wauzaji wengine walikuwa wanalipiza kisasi, ukimsema anakusema. Sawa, nakubali. Ila mteja anaona muuzaji ana nyota ngapi, muuzaji hamuoni mteja karudisha mara ngapi. Soko lenyewe linajua, linazo data zote, linajua kabisa huyu bwana karudisha mashine tatu kwa wauzaji watatu kila moja siku ya 13. Halisemi.

Nisionekane nawatetea wauzaji wote. Wapo wenzetu wanapiga picha kitu kingine wanatuma kingine, spika ya kwenye picha kubwa kama ndoo, ikifika inatosha kiganjani. Mimi mwenyewe nilishapigwa hivyo na nilirudisha na nilifurahi sana hela iliporudi. Mtu ananunua kitu bila kukishika, lazima awe na haki ya kukirudisha, bila hiyo hakuna atakayetuamini sisi wadogo tusio na duka wala bango. Kwa hiyo tafadhali wasaidizi wako wasije wakakuandikia muhtasari kwamba "mwananchi anaomba marejesho yafutwe". Sijasema hivyo.

Ninachosema ni kwamba wenzetu walishalifikiria hili, na wala sio juzi. Umoja wa Ulaya wana maelekezo ya haki za walaji ya 2011, yakaanza kutumika Juni 2014, mnunuzi wa mtandaoni ana siku 14 za kurudisha bila kutoa sababu yoyote. Siku 14 hizo hizo. Lakini humo humo wakaandika kwamba akikitumia kitu kupita kiasi cha kukijua kikoje na kinafanyaje kazi, ile thamani iliyopungua ni juu yake. Jaribu kama ambavyo ungejaribu dukani, nguo ijaribu lakini usiende nayo harusini. Wakaandika pia kwamba nauli ya kurudisha ni ya mteja, isipokuwa muuzaji amekubali kuibeba au hakumwambia mapema. Na muuzaji anaruhusiwa kushikilia hela mpaka apokee mzigo au mteja aonyeshe ushahidi kwamba ameutuma. Hapo kwenye "ameutuma" kwa kweli na wao wameacha tundu, maana ushahidi wa kutuma boksi sio ushahidi wa kilichomo, ila angalau lile la thamani iliyopungua lipo na lina nguvu ya sheria.

China nako kuna somo, tena chungu zaidi. Sheria yao iliyoanza Machi 2014 inatoa siku 7 za kurudisha bila sababu, kwa sharti kwamba bidhaa irudi ikiwa katika hali nzuri. Mpaka hapo sawa. Halafu 2021 Pinduoduo, soko kubwa la mtandaoni la huko, wakaja na mtindo wa mteja kurudishiwa hela na bidhaa anabaki nayo, na majukwaa mengine yakaiga ili yasionekane hayajali wateja. Wauzaji wadogo waliumia mpaka Julai 2024 mamia yao wakajazana kwenye ofisi zinazohusiana na Temu, soko la mtandaoni la kuuzia nje ambalo ni la kampuni hiyo hiyo, mjini Guangzhou, wakilalamikia faini na makato yanayotokana na malalamiko ya wateja. 2025 majukwaa yakaanza kuuondoa ule mtindo. Miaka minne hiyo, na wangapi walifunga biashara katikati hapo hakuna atakayewarudishia. Ndo maana naandika sasa, maana huku kwetu kwenye apu nimeanza kuona kile kitufe cha "rifandi bila kurudisha" kwa bidhaa za bei ndogo, na anayeamua ipi ni bei ndogo ni soko, anayelipa ni mimi. Ukarimu wa kutumia mfuko wa mwenzio ni rahisi sana.

Kinachowezekana kufanyika kesho asubuhi bila hata kupitisha sheria mpya ni mizani. Mzigo unapotoka kwangu unapimwa, uzito unaandikwa kwenye lebo kwa sababu ndo natozwa usafiri kwa uzito huo. Mashine ile ilitoka na gramu 910. Iliporudi nikaipima mwenyewe, gramu 770, chaja na nusu ya mafuta hazipo. Mtu wa delivari angekuwa na mizani ile ile anayonitozea mimi, akapima pale mlangoni kwa mteja, akafungua, akapiga picha mbili, mfumo ungejua hapo hapo kwamba kuna kitu hakipo na hela ingesubiri kidogo. Siombi isubiri mwezi. Isubiri siku tatu tangu mzigo unifikie, nisiposema kitu ndani ya hizo siku tatu basi mteja alipwe na mimi ninyamaze milele.

La pili ni huo uamuzi wa rufaa, usiamuliwe na mashine peke yake. Ulaya tena, kanuni yao ya 2019 inayotumika tangu Julai 2020 inayadai majukwaa yawe na utaratibu wa kushughulikia malalamiko ya wauzaji bila kuwatoza, na yakitaka kubadilisha masharti yatoe taarifa angalau siku 15 kabla. Sisi masharti yanabadilika usiku, asubuhi unafungua apu kuna kitufe kimoja tu, "nakubali", usipobonyeza oda huzioni. Nilishawahi kubonyeza huku nasonga ugali nikaja kugundua wiki mbili baadaye kwamba nilikubali kubeba nauli ya kurudisha kwa kila bidhaa ambayo mteja anasema ina kasoro.

Na mteja anayesema "ina kasoro" aonyeshe kasoro. Video ya sekunde kumi tu. Mimi naombwa picha sita kujitetea, yeye kunishtaki anatumia kidole kimoja.

Najua watakaokuja ofisini kwako kuzungumzia haya ni mawakili wa majukwaa, wenye makabrasha na slaidi, na watakwambia kwamba ukigusa marejesho wateja watakimbia. Waulize swali moja tu kwa niaba yangu, katika rifandi mlizotoa mwaka jana, ngapi zilitoka kabla mtu hajafungua boksi. Idadi wanayo, mfumo wao unaandika mpaka sekunde.

Mashine ile sijaisafisha. Iko juu ya kabati kwenye mfuko wa plastiki na stika yake iliyokaa upande, pamoja na kile kikaratasi cha pasi. Siku ukipanga kikao na wauzaji wadogo niambie tu, nitavileta vyote viwili.

Wako,
Muuzaji mdogo, oda 40 kwa mwezi