Habari za dawa za kulevya zisiishie kwa punda

Mhariri,

Kila shehena ya dawa za kulevya inaponaswa, tunaonyeshwa picha ileile: vifurushi vimepangwa mezani, maofisa wamesimama nyuma yake, na pembeni yupo kijana mwenye pingu, ameinamisha kichwa. Baada ya siku mbili habari hiyo imekwisha. Naliomba gazeti lako lisiishie hapo, kwa sababu kijana huyo, ambaye katika biashara hiyo huitwa punda, ndiye mtu ambaye mtandao ulikuwa tayari kumpoteza tangu mwanzo. Amemeza kete za heroini au kokeini ambazo hata moja ikipasuka tumboni inaweza kumuua. Majina halisi ya waliomtuma mara nyingi hayajui, na akikamatwa, nafasi yake hujazwa na mwingine mwenye shida kama zake.

Wanaoendesha biashara hii ni watu wa aina nyingine kabisa. Chukua kokeini inayotoka Amerika ya Kusini kwenda katika bandari za Antwerp nchini Ubelgiji na Rotterdam nchini Uholanzi. Mabegi hupakiwa nyuma tu ya milango ya kontena la ndizi la mfanyabiashara asiyejua lolote, lakiri hukatwa na kuwekwa ya bandia inayofanana nayo, na linakoshushwa kuna mtu aliyekwishalipwa ili atoe namba ya kontena na, hadi miaka ya karibuni, namba ya siri ya kulitolea, kabla maofisa wa forodha hawajalifikia. Kazi ya namna hiyo haifanyiki bila karani wa bandari, dereva, mwanasheria wa kusajili kampuni hewa na benki isiyouliza maswali. Wengi wao hawajawahi kuugusa unga kwa mikono yao, na ndiyo maana hawaonekani katika picha.

Hata kumwondoa kinara hakutoshi. Pablo Escobar, kinara wa kokeini wa Colombia, aliuawa katika mji wa Medellín mwezi Desemba 1993, vigogo wa genge la Cali la nchi hiyohiyo wakakamatwa mwaka 1995, lakini kokeini iliendelea kusafirishwa na makundi madogo ya Colombia pamoja na magenge ya Mexico. Kinachoumiza mitandao hii ni kunyang'anywa mali, na hapo ndipo dunia ilipolegea: Ofisi ya Umoja wa Mataifa ya Kupambana na Dawa za Kulevya na Uhalifu ilikadiria mwaka 2011 kwamba chini ya asilimia 1 ya fedha za uhalifu zinazotakatishwa ndizo hukamatwa au kuzuiwa. Mwaka uliofuata benki ya HSBC ilikubali kulipa dola bilioni 1.9 nchini Marekani baada ya fedha za magenge ya Mexico na Colombia kupita katika akaunti zake, na hakuna ofisa wake aliyeshtakiwa kwa hilo. Punda angefungwa miaka mingi kwa kete chache tu!

Italia ilionyesha njia nyingine. Sheria yake ya mwaka 1982 iliruhusu mali za mafia kutaifishwa, na ile ya mwaka 1996 ikawezesha nyumba na mashamba yaliyotaifishwa kukabidhiwa kwa matumizi ya jamii.

Kwa hiyo, waandishi wako watuambie mzigo ulisajiliwa kwa jina la kampuni gani, nani wanaimiliki, mali zipi zimezuiwa, na kesi imefikia wapi mwaka mmoja baada ya picha kupigwa. Najua ombi hili ni zito. Peter R. de Vries, mwandishi Mholanzi wa habari za uhalifu, alipigwa risasi Amsterdam mwezi Julai 2021 alipokuwa mshauri wa shahidi mkuu katika kesi dhidi ya genge la kokeini, akafariki siku chache baadaye. Kwa sababu hiyo kazi hii asiachiwe mwandishi mmoja: vyumba vya habari vigawane nyaraka, vichapishe siku moja, na jina la mhariri litangulie juu ya habari hiyo.

Msomaji wako wa siku nyingi