Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Afisa Misitu: msandarusi si kuni za tanuri

Mheshimiwa,

Shikamoo, na pole kwa majukumu.

Msandarusi wa kwanza ulipoangushwa tulinyamaza. Juzi yamewashwa matanuri matatu ya mkaa, na kibali kinasema "miti mchanganyiko". Mchanganyiko! Kwenye mkutano wa kijiji, mbele ya wazee, ulisema msandarusi hautaguswa. Au tulisikia vibaya sote?

Huenda anayepaka rangi miti ya kukatwa haujui. Basi aelezwe: jani lake limegawanyika mapacha, kama kwato ya mbuzi, tunda ni fupi, gumu, lina vinundu vya utomvu. Wengine huuita mnangu.

Utomvu unaogandia shinani ni chakazi. Ukiudondoshea spiriti, unanata kidoleni. Wafanyabiashara wa kigeni, inasemekana, walishindwa kulitamka neno hilo wakaishia "jackass", yaani punda. Sandarusi yenyewe, utomvu wa kale uliokwisha kuwa mgumu, iko ardhini, imedondoka kwenye miti iliyokufa zamani sana. Ioshe mchanga uone: uso una vipele kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Haiyeyuki mpaka joto lipite nyuzi 200, ndiyo maana mtengeneza vanishi huiyeyusha kwanza peke yake, ndipo aongeze mafuta ya kitani ya moto. Akitanguliza mafuta, vipande vinabaki vigumu chini ya sufuria. Karne ya 19 pwani hii iliipeleka hadi Salem, Marekani.

Sasa tanuri. Halifunikwi kwa udongo wa mbali. Huchotwa pale pale, juu juu, ndimo vilimo vipande vya sandarusi. Ndani joto hupita nyuzi 400. Wapita njia wanasema moshi wa siku hizi unanukia kama ubani. Wanasema kweli, sandarusi ndiyo inayoungua. Mti ukipandwa upya utatoa chakazi siku moja, lakini sandarusi ya chini haioti.

Wachimbaji wa sandarusi nao si malaika: mashimo wasiyoyafukia huanika mizizi. Hilo tukemee pamoja. Lakini shimo hufukiwa kwa jembe. Mti uliokwisha kuwa gunia la mkaa barabarani utafukiwa na nini?

Mheshimiwa, hatuombi semina wala kamati. Tunaomba maneno mawili kwenye kibali: "isipokuwa msandarusi". Kabla ya muhuri mwingine, tafadhali. Maneno mawili tu. Kama tatizo ni kalamu, tutakuletea.

Wenye kuujua mti huu,
Bagamoyo