Jonty Parkin hakuwa kituko

Mhariri,

Nimekuwa msomaji wenu tangu ujana wangu na sijawahi kuwaandikia, hata kurasa zenu za michezo zilipoanza kujaa uvumi wa Ulaya. Safari hii siwezi kunyamaza. Katika makala yenu ya juzi kuhusu vituko vya uhamisho wa wachezaji, mlimtia Jonty Parkin kwa sentensi mbili: Mwingereza wa zamani aliyejinunua mwenyewe kwa pauni 100. Mkaweka alama ya mshangao, mkaruka kwenye kituko kingine. Na picha mliyoibandika hapo ni ya raga ya wachezaji 15, ilhali Parkin alicheza ile ya 13.

Tofauti hiyo si ndogo. Mwaka 1895 vilabu vya kaskazini ya Uingereza vilikutana katika hoteli moja mjini Huddersfield, vikajitenga na wakubwa wa raga kwa sababu wakubwa hao walikataa wachezaji wafidiwe mshahara wanaokatwa wanapokosa zamu kazini ili wakacheze; raga ya vilabu hivyo ndiyo iliyokuja kuwa ya wachezaji 13. Mwenye shamba na wakili waliweza kucheza bure. Mchimba makaa hakuweza. Wakefield Trinity ilikuwa miongoni mwa vilabu vilivyojitenga, na huko ndiko Parkin alikoingia mwaka 1913, akitokea Sharlston, kijiji cha migodi ya makaa ya mawe kisicho mbali na mji huo.

Vita Kuu ilimlia miaka yake ya mwanzo. Ligi iliporudi, akawa hafubeki ambaye Uingereza haikuweza kusafiri bila yeye. Alivuka bahari kwenda Australia na New Zealand mara tatu, 1920, 1924 na 1928, na safari mbili za mwisho alikuwa nahodha. Mara zote mbili alizoongoza, timu yake ilishinda mfululizo wa mechi za Test, yaani mechi rasmi za timu za taifa, dhidi ya Waaustralia, nyumbani kwao, mbili kwa moja. Alicheza mechi 17 za Test. Mchezo huo ulipofungua Jumba la Heshima mwaka 1988, watu tisa tu ndio waliochaguliwa mwanzo, na Parkin alikuwa mmoja wao. Huyo ndiye mliyemfanya kichekesho cha sentensi mbili.

Sasa hizo pauni 100. Enzi hizo mchezaji akishasajiliwa na klabu, hakuwa na njia ya kwenda kwingine bila klabu hiyo kukubali. Wao ndio waliopanga bei, na wao ndio waliopokea fedha. Tangu 1921 klabu ya Leeds ilikuwa imeilipa klabu ya Hunslet pauni 1,000 kwa ajili ya mchezaji Harold Buck, kwa hiyo msidhani fedha hazikuwepo. Mwaka 1930, baada ya Parkin kuitumikia Trinity tangu kabla ya vita, klabu ilimweka kwenye orodha ya wanaouzwa kwa pauni 100. Yeye akatoa fedha hizo mfukoni mwake, akawalipa, akawa huru kuzungumza na klabu anayoitaka. Akaenda Hull Kingston Rovers kwa masharti aliyoyapatana mwenyewe. Na wakuu wa ligi walifanya nini? Walibadilisha kanuni ili mchezaji mwingine asiweze tena kulipa ada yake mwenyewe. Hapo ndipo habari ilipo, Mhariri! Mtu mmoja aliona mlango ulioachwa wazi, akapita kwa miguu yake na kwa fedha zake halali, bila kuvunja kanuni hata moja, na nyuma yake mlango ukapigwa komeo. Mwandishi wenu aliifikia habari hiyo, akaiona, akacheka, akapita. Angeuliza tu kwa nini kanuni ilibadilishwa, angejua kwamba waliotunga kanuni hawakucheka hata kidogo.

Nayasema haya kwa uchungu kwa sababu yamenipata. Nilikuwa beki wa kushoto katika klabu moja ya hapa pwani, nikaitwa na klabu ya bara iliyokuwa na kazi ya kunipa pamoja na namba. Nilichohitaji ni barua ya kuniachilia. Katibu aliniambia mwenyekiti amesafiri. Mwenyekiti aliporudi, nikaambiwa faili langu halionekani. Marehemu baba yangu alivaa kanzu ya Ijumaa akaenda kuniombea, akakalishwa kwenye benchi la nje mpaka ofisi ikafungwa. Dirisha la usajili likapita, ile kazi ikapewa mwingine, na klabu iliyonizuia haikunichezesha msimu ule. Hawakunitaka. Walichotaka ni mimi nisiende. Laiti pangekuwa na bei, baba angeuza mbuzi zake.

Na bado yanaendelea. Watoto wa shule wanatiwa saini kwenye fomu wasizosomewa, pembeni mwa uwanja, mzazi yuko shambani au sokoni, na fomu inabaki kabatini kwa kiongozi. Kijana akipata nafasi kwingine ndipo fomu inapotolewa. Nyinyi mna mwandishi wa michezo karibu kila mji, lakini sijasoma hata siku moja mkiwataja viongozi wenye tabia hiyo. Nafasi ya kutueleza mshambuliaji fulani wa London anataka kwenda Madrid ipo kila siku, nusu ukurasa na picha ya rangi.

Ninachoomba ni hiki. Kila mnapochapa habari ya uhamisho, wa hapa au wa nje, chini yake wekeni mistari mitatu, herufi zisipunguzwe: klabu imepokea kiasi gani, mchezaji mwenyewe amepata kiasi gani, na kama aliulizwa kabla ya mapatano. Klabu ikikataa kujibu, andikeni kwamba imekataa. Anzeni na usajili unaofunguliwa mwezi ujao. Na picha ile ya wachezaji 15 iondoeni, mtafute ya Parkin akiwa na jezi ya Trinity.

Msomaji wenu,
Kisauni, Mombasa