Zamu ya usiku bila mshahara

Mhariri,

Nimesoma barua ya msomaji aliyesema madaktari wanagenzi, yaani walio bado mafunzoni, watosheke na ujuzi wanaoupata, malipo watayakuta mbele. Mimi ni muuguzi wa wodi ya watoto, huu mwaka wa 19. Naomba nafasi nimjibu.

Majuzi, saa kumi alfajiri, mwanagenzi wetu aliandika dozi ya morfini, dawa kali ya maumivu, kwa mtoto aliyeungua. Wauguzi tulikuwa wawili kwa vitanda 30, naye ndiye daktari pekee wodini. Nilipoanza kuvuta dawa kwenye bomba la sindano nikaona ni nyingi mno kwa mwili ule mdogo. Nikamrudia na faili. "Daktari, hebu itazame tena hii." Aliitazama kwa muda. Nukta ya desimali ilikuwa imesogea nafasi moja, dozi imekuwa mara kumi. Aliketi sakafuni pale pale kando ya toroli la dawa, akasema, "Sista, ningemuua." Nilikosa la kumwambia. Nikampa kalamu asahihishe, maana mtoto alikuwa bado analia kwa maumivu.

Kijana huyo halipwi hata senti. Anawatoa wagonjwa damu ya vipimo, anatundika dripu, anapokea wagonjwa wapya usiku kucha, na asipofika kazi zinalala. Huyo ni mfanyakazi, mwiteni mtakavyo.

Wapo wanaosema tatizo ni uchovu tu, basi zamu zipunguzwe. Ni kweli zipunguzwe. Mwaka 1984 binti wa miaka 18 alifariki hospitalini New York akihudumiwa na madaktari wachanga waliokuwa kwenye zamu ndefu. Baba yake, mwandishi wa habari, alikataa kunyamaza, na mwaka 1989 jimbo lile likaweka kikomo cha saa 80 kwa wiki. Kwangu mimi hata hizo ni nyingi. Umoja wa Ulaya umeweka wastani usiozidi saa 48 kwa wiki.

Lakini asiyelipwa hana saa za kupumzika. Huyu wetu akitoka zamu huenda kufundisha wanafunzi hesabu majumbani apate kodi ya chumba, kisha jioni anarudi wodini na macho mekundu. Usiku ule hakuwa amelala mchana. Mpunguzieni saa bila kumlipa, naye ataziuza kwingine.

Hospitali isiyoweza kumlipa mwanagenzi isimwachie wodi peke yake usiku. Imweke nyuma ya daktari anayelipwa, ajifunze.

Muuguzi, wodi ya watoto