Mkimgombeza mama, ushahidi unapotea

Bwana Mhariri,

Kesi nyingi za wazee wanaoliwa pesa kwa mapenzi ya simu hapa Lubumbashi haziharibiwi na tapeli. Zinaharibiwa nyumbani, siku watoto wanapogundua. Mmoja anafoka, mwingine anampokonya mama simu, anafuta mazungumzo yote na kumzuia (block) yule tapeli anayejiita "daktari wa jeshi". OPJ, yaani afisa wa polisi wa upelelezi, anapofikiwa, hakuna cha kumwonyesha.

Tena tuache kuwaita wajinga. Tapeli hana haraka: wiki za kwanza haombi kitu, anauliza tu kila asubuhi kama mama amekunywa dawa ya presha. Ni mtoto gani kati yetu anayeuliza hivyo? Ombi la kwanza ni dogo, labda dola 20 za vocha, kupima tu. Kisha kinakuja kifurushi kilichokwama uwanja wa ndege wa Luano, na "wakala wa forodha" anapiga kwa namba ya hapa Kongo, +243, akidai malipo kwa simu. DGDA, idara ya forodha, haikusanyi ushuru kwenye simu ya mtu. Ushuru hulipwa benki, kwa karatasi yenye hesabu yake.

Huyo wakala ndiye wa kufuatwa. Mpenzi anaweza kuwa popote, maana namba ya +44 hupatikana kwenye intaneti bila kukanyaga Uingereza. Wakala, yeye, yuko karibu: ana kadi ya simu ya hapa na anatoa pesa kwenye kabini ya hapa, kibanda cha pesa za simu.

Kwa hiyo, kabla ya ugomvi wowote, pigieni kampuni ya simu iliyopitisha pesa, mkiwa na ujumbe wa muamala mkononi: namba ya kumbukumbu, saa, namba iliyopokea. Pesa ikishatolewa hairudishwi kwa kupiga simu, na kwa kawaida inatolewa upesi sana. Kama ilitumwa kwa Western Union na haijachukuliwa, aliyetuma aende na kitambulisho na risiti yenye MTCN, ile namba ya tarakimu 10, aombe kuifuta.

Tapeli asijue kwamba ameshtukiwa, kwa sababu WhatsApp inamruhusu kufuta ujumbe wake wa karibuni hata kwenye simu ya mama. Pigeni picha skrini kwa simu nyingine, namba yake ionekane nzima, si jina alilosajiliwa nalo. Hamisheni mazungumzo yawe faili, pamoja na sauti. Kwa Facebook, nakilini anwani ya ukurasa wake: jina na picha vinaweza kubadilishwa, na picha yenyewe mara nyingi imeibwa kwa mtu asiye na habari.

Halafu mashtaka ya maandishi, parke (ofisi ya mwendesha mashtaka) au kwa OPJ. Udanganyifu wa namna hii uko kwenye kifungu cha 98 cha kanuni ya adhabu, kifungo cha miezi mitatu hadi miaka mitano, na tangu 2023 tuna pia Kanuni ya Dijitali. Kampuni haitawapa jina la mwenye namba. Hutolewa kwa barua rasmi ya upelelezi, kwa hiyo msigombane na binti wa kaunta. Jina likitoka, pengine ni la mwanafunzi au muuza mboga ambaye kitambulisho chake kilitumiwa kusajili kadi. Msiende kumpiga. Anaweza kujua nani alichukua kitambulisho chake, na daftari la kabini linaweza kuonyesha aliyetoa pesa.

Mzee mwenyewe aandike tarehe na kiasi, akiwa ametulia. Akiwa mweka hazina wa likelemba, kikundi cha kuchangiana pesa kwa zamu, ulizeni kwa upole kama pesa ya kikundi imeguswa. Hilo ndilo atakaloficha hadi mwisho.

Miezi michache baadaye atapiga mwingine, "mwanasheria" au "afisa wa Interpol", akisema pesa imepatikana, ilipiwe gharama kidogo. Interpol haimpigii mtu binafsi kumwomba pesa. Mara nyingi ni kundi lilelile, likipiga namba ileile. Kwa sababu hiyo msiivunje kadi ya zamani ya mama. Iacheni iwake kwenye simu ya mtoto mwenye akili tulivu, na kila namba itakayopiga ipelekwe kwa OPJ mwenye faili.

Mpelelezi mstaafu,
Katuba, Lubumbashi