Wauza spika za mtumba, tuwekeeni stima tuzisikize

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nitoe dukuduku langu kuhusu hawa wauzaji wa spika za mtumba hapa Mombasa. Unaingia dukani, spika zimepangwa mpaka kwa dari, ukiomba uwekewe japo wimbo mmoja unaambiwa amplifaya imeharibika, ama stima imepotea, na feni juu ya kichwa chake yazunguka! Alafu ati "mzigo wa Dubai huo, hauna neno". Huko ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Tatizo la spika ni kwamba kwa macho huoni kitu. Kabati laweza kung'ara kumbe ndani twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, ishaungua, na wufa, ile kubwa ya besi, ikiwa yapiga vizuri mtu ambaye hajazoea hatagundua mpaka afike kwake aweke taarabu asikie fidla kama imefunikwa blanketi. Na zile za zamani za miaka ya 80 na 90, nyingi ule ukingo wa wufa ni sponji, na sponji huoza tu na umri hata kama spika haikupigwa, sembuse na huu unyevu wetu wa pwani. Toa kile kitambaa cha mbele uguse kwa kidole taratibu, ukibaki na unga mweusi kidoleni ushajua. Ukingo wa mpira huwa wadumu zaidi. Tazama pia skrubu, zikiwa zimechubuka jua fundi ashapita hapo, pengine wufa ya kulia si ndugu ya ile ya kushoto.

Muuzaji akikataa kabisa nenda na betri moja ya tochi, ile ya volti 1.5, na waya mbili, ukigusisha kule nyuma panapoungwa waya, koni, ile sehemu ya wufa inayotikisika, inaruka kidogo na unasikia "tap", lakini hiyo yakwambia koili ya wufa, ule waya uliozungushwa ndani unaosukuma koni, iko hai basi, habari ya twita bado hujaipata. Hakuna badala ya kusikiza. Na mkisikiza msikubali kufunguliwa sauti mpaka mwisho, hapo ndipo makosa hujificha, mwambie apunguze, aweke mtu anayeimba polepole na spika moja moja, koili ikiwa yakwaruza utaisikia.

Katiba yetu ya 2010 kifungu cha 46 yasema mnunuzi ana haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, sasa ubora gani huo mtu haruhusiwi kuusikia? Mtu wa Likoni anavuka feri na spika mbili nzito, afike kwake akute moja ni bubu, akirudi aambiwa "kitu kikitoka dukani hakirudi".

Ndugu zangu wauzaji, amplifaya moja kuukuu na waya viwe hapo mlangoni, yatosha. Na asiyetaka kuwasha basi auze kwa bei ya kabati tupu.

Mpenzi wa taarabu,
Majengo, Mombasa