Tusiite kila kitu tabia mbaya

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa wasomaji niijibu barua mliyoichapa hivi karibuni, ambayo mwandishi wake aliwataka wakuu wa shule za bweni wawafukuze mara moja wasichana wanaojichanja mikono kwa nyembe, kwa hoja kwamba hiyo ni tabia mbaya ya kuambukizana na kwamba mzazi ndiye wa kuinyoosha. Nimefundisha miaka 31 kabla ya kustaafu, kwa hiyo hofu ya mwalimu mwenye bweni lililojaa watoto wa watu naielewa vizuri. Lakini pia nimemlea binti wa marehemu dada yangu, aliyefukuzwa shule akiwa kidato cha tatu kwa kosa hilohilo. Yeye mwenyewe ameniruhusu niandike.

Neno tabia tumelibebesha mengi. Tunalitumia kwa maumbile ambayo mtu amezaliwa nayo, kwa mazoea aliyoyaokota njiani, na kwa utovu wa adabu. Na kwa kuwa tunaamini kwamba tabia hufunzwa, asiyebadilika baada ya kufunzwa tunamhesabu kuwa amekataa kwa makusudi. Binti yangu alipokuwa na miaka 15 aliweza kumpenda rafiki asubuhi kama nduguye wa tumbo moja, na jioni asitake kusikia hata jina lake, kwa sababu tu rafiki huyo alichelewa kujibu ujumbe wa simu. Nikichelewa sokoni nilimkuta amejikunyata mlangoni analia, akiamini kwamba nimemkimbia. Hasira zake zilipanda kwa dakika chache na kuchukua siku nzima kutulia. Majirani walisema ana jeuri. Shangazi yake akasema ana jini, tukampeleka kwa mganga, akafukizwa wiki mbili. Mimi nilimchapa, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Daktari wa magonjwa ya akili ndiye aliyetueleza, baada ya kumwona mara kadhaa na kutuhoji sana juu ya miaka iliyopita, kwamba hilo ni tatizo la haiba, yaani la namna mtu anavyohisi, anavyojiona na anavyohusiana na wengine, la aina inayoitwa haiba ya mpakani. Jina hilo lilianza kutumiwa mwaka 1938 na daktari Adolph Stern wa New York, kwa wagonjwa alioona wamesimama kwenye mpaka kati ya wasiwasi wa kawaida na kurukwa na akili. Wataalamu wa leo hawauoni tena mpaka huo, ila jina limebaki. Mtu wa namna hiyo huogopa kuachwa kuliko anavyoogopa kitu kingine chochote, hisia zake huwaka haraka na kuchelewa kupoa, hujiona mtupu ndani, na hutenda kwa msukumo wa ghafla mambo atakayoyajutia. Nilipopata ujasiri wa kumuuliza kwa nini anajikata, aliniambia kwamba kabla ya hapo kifua humbana mpaka hasikii anachoambiwa, kisha hulegea kwa muda mfupi, halafu aibu ndiyo inayofuata. Mwanafunzi anayesukumwa na jambo hilo humponyi kwa kumfukuza; unamthibitishia kile alichokuwa anakiogopa tangu mwanzo, kwamba ataachwa.

Sisemi kwamba kila kijana mwenye hasira ana ugonjwa, na ninasikitika nikiwaona vijana wakijipachika majina ya maradhi baada ya kutazama video ya dakika moja. Mwongozo wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, uliopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Januari 2022, unataka hali hiyo iwe imedumu miaka miwili au zaidi, na ionekane nyumbani, shuleni na kwa marafiki, si mahali pamoja tu. Mwongozo huo umeiacha ile orodha ndefu ya aina za haiba na badala yake unauliza kwanza tatizo limefikia kiwango gani: dogo, la wastani au kubwa. Naona ni busara, kwa sababu familia haisaidiwi na jina zuri la ugonjwa kama inavyosaidiwa na kujua mgonjwa wao anahitaji nini.

Yapo matatizo mengine ya kushindwa kuzuia msukumo ambayo nayo tunayaita tabia. Kuna mtu anayeiba kibanio cha nywele asichokihitaji wala asichokusudia kukiuza, kwa sababu mvutano wa ndani humzidi mpaka akichukue; huyo si sawa na kibaka anayevizia na kupanga, na kwa kuwa ni nadra sana, si kila mwizi anayeweza kujitetea kwa jina lake. Kuna anayelipuka kwa hasira isiyolingana kabisa na kilichomuudhi. Na kuna anayebeti mpaka ada ya mtoto ikaisha. Mwaka 2013 Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani kiliitoa kamari katika kundi la matatizo ya misukumo na kuiweka katika kundi la uraibu pamoja na pombe, kwa jinsi zinavyofanana. Mke wa mtu kama huyo huambiwa avumilie, eti mumewe ataacha akikua, na huku mume ana miaka arobaini.

Msomaji wenu aliandika pia kwamba wasichana hawa wanatafuta tu kuonwa. Usiku mmoja binti yangu alimeza vidonge. Tulipofika hospitali tulidanganya kwamba amekosea kipimo cha dawa ya malaria, kwa kuwa kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinalifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, na usiku ule tuliwaogopa polisi kuliko vidonge. Kwa uongo wetu akatibiwa tumbo, akaruhusiwa asubuhi, na hakuna aliyemuuliza swali hata moja juu ya kilichomfikisha pale. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha sheria yao, kinachoadhibu kosa hilohilo, kinakwenda kinyume na katiba. Nawaomba wabunge wetu wakitazame upya na chetu, maana familia inayoogopa kusema kweli mbele ya daktari haiwezi kutibiwa.

Na tiba ipo. Mtaalamu wa saikolojia Marsha Linehan wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, alibuni tiba ya mazungumzo na mafunzo ya stadi, ambayo kwa kawaida huchukua mwaka mmoja: mgonjwa humwona mtaalamu wake kila wiki, na pia huhudhuria kikundi cha kujifunza kustahimili dhiki, kutuliza hisia na kuzungumza na watu bila kuvunja uhusiano. Mwaka 2011 mama huyo alisema hadharani kwamba yeye mwenyewe alipokuwa msichana alilazwa hospitali ya akili na alikuwa akijidhuru. Katika hospitali ya McLean, jimbo la Massachusetts, wagonjwa 290 wa tatizo hili walifuatiliwa, na matokeo ya miaka 10 yaliyotolewa mwaka 2010 yalionyesha kwamba zaidi ya tisa katika kumi walipata nafuu iliyodumu angalau miaka miwili. Dawa pekee haitoshi. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2009 unasema wazi kwamba zisitumiwe mahsusi kwa tatizo hili, isipokuwa mgonjwa ana maradhi mengine yanayozihitaji, kwa mfano sonona.

Sisi tulilazimika kusafiri kutoka Tanga hadi Dar es Salaam kumfuata mtaalamu anayeijua tiba hiyo, na nauli ilitugharimu mbuzi wawili na cherehani yangu. Kupewa jina la ugonjwa hakukumwondolea binti yangu wajibu wake: vyombo vya jirani alivyovivunja alivilipa mwenyewe kwa kusuka watu nywele. Kwa walimu wenzangu ombi langu ni dogo. Mkimwona mwanafunzi mwenye makovu, muiteni faraghani pamoja na matroni, msimkague mbele ya paredi, na barua ya kumrudisha nyumbani iwe imeambatana na barua ya kumpeleka hospitali ya mkoa. Kwako Mhariri, ningeshukuru kama ukurasa wa afya ungechapisha siku za kliniki ya afya ya akili za kila hospitali ya mkoa, kwa maana sisi tuliambiwa na abiria mwenzetu ndani ya basi.

Binti yangu sasa ana miaka 22. Kifua kikianza kumbana hutumbukiza uso katika beseni la maji ya barafu, kama alivyofundishwa, kwa kuwa baridi ile hupunguza mapigo ya moyo. Barafu ananunua kwa jirani yuleyule aliyekuwa akisema ana jeuri, na siku hizi jirani humwekea pakiti mbili kwenye friji, asiziuze.

Mwalimu mstaafu,
Tanga